Habari Ikikufikia, Piga Tarumbeta
Somo: Ezekieli 33:1-6

Wapendwa, Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka karibu na Sumatra, Indonesia. Tsunami ilichukua saa kadhaa kuvuka Bahari Hindi. Waliofuatilia habari walionya, polisi wakawaondoa watu ufuoni Mombasa. Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako mawimbi yalikuwa makali na wengi hawakuonywa, walikufa karibu 300.

Mimi nilisoma biashara: habari isiyotumika ni stoki inayoozea stoo. Mlinzi wa Ezekieli aliuona upanga, lakini damu inadaiwa mkononi mwake akinyamaza.

Ndugu yangu, ni nani hapa Section 58 unamwona akielekea pabaya, na bado hujampigia simu? Mpigie leo. Amina.