Jua Haki Zako: Ukirudi Kutoka Likizo ya Uzazi Ukute Kiti Kimekaliwa

Tuseme wewe ni dada wa Namatala, hapa Mbale. Umefanya kazi miaka sita katika ofisi ya kampuni mjini. Ulianza kama karani, ukapanda hadi kuwa msimamizi wa malipo. Umejifungua salama, likizo imekwisha, umerudi, na kwenye meza yako amekaa kijana uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe. Meneja anakwambia kwa upole: "Mama, sasa una mtoto mchanga, tumekupunguzia mzigo." Mwisho wa mwezi unakuta posho ya usimamizi imekatwa.

Wengi hapo hushukuru na kunyamaza, kwa sababu maneno yamesemwa kwa heshima. Dada yangu, usinyamaze. Huo mzigo ni cheo chako, na sheria ya Uganda inataka urudishiwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Aliyeharibikiwa mimba naye anayo haki hiyo hiyo, jambo ambalo wanawake wengi hawajawahi kuambiwa. Shika vizuri maneno "siku za kazi". Siku zako za mapumziko hazihesabiwi. Anayefanya kazi siku 5 kwa wiki anakaa nyumbani wiki 12, na wa siku 6 anakaa wiki 10. Ukihesabiwa miezi miwili ya kalenda, umepunjwa.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ukimaliza likizo una haki ya kurudi kwenye kazi uliyoiacha, au kwenye kazi nyingine inayokufaa ambayo masharti yake si duni kuliko yale ambayo ungekuwa nayo kama usingeondoka. Kwa hiyo meneja anaweza kukuhamishia meza nyingine, lakini hawezi kukushusha wala kukukata posho kwa kuwa ulikwenda kuzaa. Wewe nawe una wajibu mdogo: toa taarifa angalau siku 7 kabla ya kuondoka, ukitaja siku ya kuanza likizo na kwamba utarudi. Mwajiri akitaka taarifa iwe ya maandishi, lazima uandike. Mimi nasema andika hata asipotaka, na ubaki na nakala.

Nimeanza na uzazi kwa sababu hapo ndipo safari za wanawake wengi kazini hukatika. Huko juu wanawake wameshafika: Allen Kagina aliongoza Mamlaka ya Mapato ya Uganda kuanzia 2004 hadi 2014, na mwaka 2020 Anne Juuko akawa mkurugenzi mtendaji wa kwanza mwanamke wa benki ya Stanbic Uganda. Ugumu uko kwenye ngazi za kati, pale ambapo karani anatakiwa awe msimamizi, na msimamizi awe meneja wa tawi. Huko maamuzi hufanywa na watu wawili watatu nyuma ya mlango, na sababu haziandikwi.

Nikwambie ukweli: hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akupandishe cheo. Anachokatazwa ni kukunyima kwa sababu wewe ni mwanamke. Katiba ya 1995, Ibara ya 33, inampa mwanamke haki ya kutendewa sawa na mwanamume pamoja na fursa sawa katika uchumi, na Sheria ya Ajira inaharamisha ubaguzi wa jinsia kazini. Inataka pia mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maana yake vyeo havihitaji kuwa na jina moja. Kama wewe unasimamia ufungashaji na mwenzako anasimamia stoo, na ujuzi, jukumu na uzito wa kazi vinalingana, una msingi wa kuuliza kwa nini yeye analipwa zaidi.

Kuthibitisha ubaguzi ni kugumu, na ndiyo maana nasisitiza karatasi. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya masharti ya kazi yako kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Yadai. Tunza tathmini zako za kila mwaka, tangazo la nafasi uliyoomba, barua yako ya maombi na jibu lake. Ukinyimwa, andika barua fupi yenye adabu kuomba sababu. Wewe unayechambua mchele kwenye mashine za kukoboa huku Namatala, ambaye hujawahi kuona mkataba, usidhani haya hayakuhusu. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Sasa rushwa ya ngono. Bosi akikuahidi cheo ili ulale naye, au akikutishia kwa kuwa umekataa, huo ni unyanyasaji wa kingono kisheria, hata kama maneno aliyazungusha. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 analazimika kuweka hatua za kuuzuia. Usifute ujumbe wa simu hata ukikuaibisha. Aibu ni yake.

Hofu kubwa ni kufukuzwa. Sheria imetaja wazi sababu zisizokubalika za kumfukuza mtu: mimba imo, na kumlalamikia mwajiri kumo. Katika kesi ya kufukuzwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu yake, na akishindwa, kufukuzwa huko kunahesabiwa kuwa si halali.

Pa kwenda ni kwa afisa wa kazi wa wilaya au wa jiji. Hapa Mbale yupo, na wenzetu wa Jinja wana wao. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kukusikiliza na hata kukusindikiza, ila kuamua mgogoro wa kazi hakumo katika mamlaka yake. Si lazima uende na wakili. Afisa wa kazi akikaa siku 90 bila kutoa uamuzi, unaweza kulipeleka lalamiko lako kwenye Mahakama ya Kazi. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, nayo hupokea malalamiko ya ubaguzi.

Ukienda, itaje sheria kwa jina lake, Sheria ya Ajira, kwa sababu namba za vifungu zilibadilika toleo jipya la sheria za Uganda lilipotoka. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama hukisomi, omba usomewe na ufafanuliwe kwa Kiswahili au Lugisu kabla ya kutia sahihi popote.

Aliyefukuzwa baada ya kufanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi ana miezi 3 tu ya kulalamika, kuanzia siku aliyoachishwa. Kama barua unayo tayari, angalia tarehe yake leo.