Mlango wa Gari Unaojifunga Wenyewe: Namna Unavyofanya Kazi na Namna ya Kutafuta Kasoro Yake

Gari linaegeshwa chini ya miembe ya Ujiji. Dereva anashuka, anabamiza mlango na kwenda zake bila kugusa ufunguo. Akiisha kupiga hatua chache husikika mlio mfupi nyuma yake, indiketa humeta, na vitasa vyote hujifunga. Magari ya namna hii si kitu cha ajabu tena mkoani Kigoma, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayonunuliwa nchini Tanzania ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi kufika ziwani. Mengi huja na rimoti moja tu, yenye betri ya zamani, na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani.

Siku mlango unapokataa kujifunga, mwenye gari aghalabu huambiwa kwamba "kompyuta imekufa". Ni mara chache sana habari hiyo huwa ya kweli. Kasoro nyingi hutokana na vitu vidogo: betri ya rimoti, swichi ya mlango, au waya uliokatika. Lakini iko kasoro nyingine ya kuogopwa zaidi, nayo ni mlango kujifunga wakati usiotakiwa, hali rimoti imebaki kitini na mtoto amelala nyuma. Kasoro hizo mbili zaonekana kuwa kinyume, ingawa chanzo chake huweza kuwa kimoja.

Gari hupiga hodi, rimoti huitikia

Rimoti za kufungulia milango zilianza kuonekana katika magari ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980, mojawapo likiwa Renault Fuego la Ufaransa. Hizo zilihitaji kubonyezwa. Rimoti inayofanya kazi ikiwa mfukoni ilienea baadaye, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ikianzia kwenye magari ya bei kubwa.

Ndani ya gari la namna hii mna antena kadhaa ndogo. Baadhi zimo katika mikono ya milango ya mbele, nyingine zimefichwa katikati ya viti na karibu na buti. Antena hizo hutoa mawimbi ya masafa ya chini, ya kilohezi 125 hadi 135 hivi. Hiyo ndiyo hodi ya gari. Rimoti ikiisikia huamka na kuitikia kwa mawimbi ya masafa ya juu: megahezi 315 hivi kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na megahezi 434 hivi kwa yale ya Ulaya. Kwa sababu hiyo rimoti iliyotoka Ulaya haisikilizani na gari la Japani, hata kama kwa sura zimefanana kama mapacha. Jibu lenyewe si neno moja lisilobadilika. Ni tarakimu za siri zinazokokotolewa upya kila mara, ili mtu akilinasa jibu la leo lisimfae kesho.

Hodi ya gari haifiki mbali, na makusudi ni hayo. Nguvu yake hupungua upesi mno: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki kiasi cha sehemu moja ya nane. Basi rimoti huisikia ikiwa karibu tu, kiasi cha mita moja au moja na nusu kutoka mlangoni. Udhaifu huo ndio unaoliwezesha gari kutambua mahali rimoti ilipo. Ikiitikia hodi ya antena za ndani, imo ndani. Ikiitikia ile ya mkono wa mlango, iko nje. Isipoitikia kabisa, imeondoka.

Kabla ya kufunga, kompyuta ya milango hutaka kuridhika kwamba injini imezimwa, kwamba milango yote pamoja na buti imefungwa, na kwamba hakuna rimoti iliyobaki ndani. Kisha huendelea kupiga hodi nje. Rimoti isipoitikia tena, huhesabu sekunde chache na kuziamuru mota za vitasa zizunguke.

Si magari yote yaliyo na uwezo huo. Mengine hujifunga pale tu gari liendapo mwendo fulani. Mengine, yakifunguliwa kwa rimoti na mlango usiguswe, hujifunga tena baada ya sekunde 30 hivi. Mengine humtaka dereva aguse mkono wa mlango kwa kidole. Ni vema mwenye gari alijue lake, maana wako wanaompelekea fundi gari ili atengeneze kitu ambacho kiwandani halikuwekewa. Tena katika baadhi ya magari uwezo huo huweza kuzimwa kwenye orodha ya kioo cha dashibodi, na orodha ikiwa ya Kijapani mtu huweza kuuzima bila kujua.

Kuigawa kasoro nusu kwa nusu

Fundi mwema haanzi kwa kufungua mlango. Huanza kwa kuuliza ni upande upi ulio mgonjwa: upande wa mawimbi, au upande wa mota na nyaya. Jibu hupatikana kwa dakika moja. Aketi ndani na kubonyeza swichi ya kufungia iliyo kwenye mlango wa dereva. Milango yote ikifunga, mota, nyaya na fyuzi yake ni salama, na kasoro itafutwe kwenye rimoti, antena au swichi za milango. Ukikataa mmoja tu, kasoro imo ndani ya mlango huo. Ikikataa yote, itazamwe fyuzi, kisha betri ya gari. Betri nzima iliyopumzika hupima volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12, huenda mota zikakosa nguvu ya kuvuta vitasa ingawa taa zinawaka.

Ikionekana kwamba upande wa mawimbi ndio wenye kasoro, rimoti ipimwe kwanza. Ndani ya rimoti, mbali na kile kinachotumia betri, mna kijiwe kingine kisichohitaji betri. Hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku wa gari lenyewe, kikiwekwa karibu sana. Basi gari likikubali kuwaka rimoti inapogusishwa kwenye kitufe cha kuwashia, lakini likakataa rimoti ikiwa mfukoni, betri ya rimoti ndiyo ya kushukiwa. Betri hiyo ni bapa kama sarafu, ya volti 3. Nambari iliyoandikwa juu yake ni vipimo: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na CR1632 ina upana wa milimita 16 kwa unene uleule. Mita ya fundi huweza kudanganya hapa, kwani betri iliyochoka huonyesha karibu volti 3 ikiwa mezani, kisha huanguka mara inapotakiwa kurusha mawimbi. Jaribio la hakika ni kuweka mpya, kwa vidole vikavu visivyo na mawese. Ya zamani isiachwe ovyo: mtoto akiimeza huweza kuunguza koo lake la chakula kwa muda wa saa mbili tu, na apelekwe hospitali papo hapo.

Wengine hushangaa betri mpya kuisha upesi. Waangalie rimoti inalazwa wapi. Ikikaa usiku kucha kando ya televisheni au juu ya simu, kelele za umeme huiamsha mara kwa mara ikidhani imepigiwa hodi. Vivyo hivyo, ikitundikwa sebuleni na gari limeegeshwa nyuma ya ukuta huohuo, gari halitajifunga kamwe, na halina kosa. Kwa kadiri lijuavyo, dereva hajaondoka. Na gari likikataa Kibirizi lakini likakubali Mwandiga, kasoro ni ya mahali: huenda karibu pana mtambo wa redio unaozima sauti ya rimoti.

Rimoti ikiwa nzima na gari bado halijifungi, zitazamwe swichi zinazoijulisha kompyuta kwamba mlango umefungwa. Hapa vumbi la barabara za vijijini lina sehemu yake. Likichanganyika na grisi ya kitasa huwa zito kama udongo wa mfinyanzi, na swichi hukwama ikisema "wazi" daima. Mlango mmoja tu, au buti inayopakiwa ndoo za dagaa zinazovuja, watosha kuzuia milango mingine yote isijifunge. Dalili yake ni taa ya ndani isiyozimika au alama ya mlango inayobaki kwenye dashibodi. Kitasa kisafishwe na kupakwa grisi mpya kidogo. Wenye magari wa Ujiji wana nafuu moja kuliko wenzao wa Tanga au Unguja: ziwa Tanganyika ni la maji baridi, na upepo wake hauna chumvi ya kula shaba.

Kasoro ya mlango mmoja kwa kawaida hukaa mahali pawili. Kwanza ni mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye mwili wa gari kwenda mlangoni. Mlango unaofunguliwa mara 20 kwa siku huzipinda nyaya hizo mara 7,300 kwa mwaka, na mwisho shaba hukatika ndani hali ngozi yake ni nzima. Kitasa kikifanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kukataa ukifungwa, mpira huo ufunuliwe. Pili ni mota yenyewe. Ikisikika ikizunguka bila kitasa kusogea, meno ya gia yake ya plastiki yamelika. Kukiwa kimya kabisa, umeme upimwe kwenye plagi yake kabla ya kununua nyingine.

Kuna pia kioja cha wakati wa kuosha gari. Kihisi cha mkono wa mlango hutambua mguso wa kidole, na maji yanayotiririka huweza kukidanganya. Rimoti ikiwa mfukoni mwa mwoshaji, vitasa hufunga na kufungua kama vimepagawa. Iwekwe mita mbili au zaidi kutoka garini. (Gari kuoshwa ndani ya ziwa ambalo watu huteka maji ya kunywa ni jambo lisilofaa, hata rimoti ikiwa mbali.)

Betri dhaifu na rimoti iliyosahauliwa

Sasa itazamwe ile kasoro ya pili. Kompyuta haina macho. Huamini kwamba rimoti imo ndani kwa sababu moja tu, nayo ni kuitikia kwake. Rimoti yenye betri iliyokwisha, iliyotiwa ndani ya kopo la bati, au iliyobanwa na simu, huweza kukaa kitini bila kuitikia. Kompyuta huona ukimya huo kuwa ni kuondoka, na katika baadhi ya magari hufunga milango. Betri dhaifu ambayo jana ilimchelewesha dereva kuwasha gari, leo inaweza kumfungia mtoto ndani.

Joto la gari lililofungwa juani huweza kupanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi katika dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Rimoti nyingi zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, lakini huo nao umefungiwa garini. Usitumwe mjumbe kwenda kutafuta fundi Kigoma mjini. Kivunjwe kioo cha pembeni kilicho mbali na mtoto, kwa pigo la kitu kigumu kwenye pembe ya kioo, kwani katikati ndipo kinapohimili zaidi.

Dereva aliyebadilisha betri au kusafisha swichi afanye jaribio moja kabla ya kuliamini gari. Ateremshe kioo cha dereva hadi chini, aweke rimoti kitini, afunge milango yote na kusimama nje kwa dakika moja. Gari zima litalia kuonya, au halitajifunga. Likijifunga kimya, mkono wake bado wapita dirishani. Jaribio lirudiwe rimoti ikiwa juu ya dashibodi, ikiwa sakafuni, na ikiwa ndani ya buti iliyo wazi, kwa maana hodi ya antena za ndani haifiki sawasawa katika kila pembe.