SOMO: GASKETI YA HEDI INAPOUNGUA, KATIBU AANZIE WAPI?

Mathalani chama cha wakulima wa tangawizi huko Bombo, katika Milima ya Pare, kina gari moja tu, Land Rover ya zamani. Magunia yamekwisha kupimwa, stakabadhi zimeandikwa, na mnunuzi anangoja Same mjini kesho yake. Jioni gari linarudi kutoka tambarare ya Maore likiwa na shehena ya mbolea. Linapanda kona baada ya kona kwa gia ya pili, mara mvuke unafuka chini ya boneti. Dereva anasimama penye kijito, anateka maji kwa debe, anayamimina katika rejeta, anaendelea na safari. Asubuhi injini inawaka kwa taabu, inatetemeka, na moshi mweupe unatoka katika ekzosi. Fundi anaitwa. Anatazama kwa dakika tano, kisha anasema: "Katibu, gasketi imeungua. Lete fedha."

Katibu mwenye busara hatakataa, wala hatafungua sanduku la fedha papo hapo. Yako maswali mawili ambayo sharti yajibiwe kwanza. Je, ni kweli gasketi imeungua? Na kama imeungua, imeunguzwa na nini? Swali la pili ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalokigharimu chama gasketi ya pili kabla ya msimu kwisha. Wakati huohuo tangawizi mbichi inasinyaa ghalani, na mwanachama mwenye shida ya ada ya shule anaanza kumsikiliza mlanguzi anayepita na mizani yake mwenyewe.

KAZI YA GASKETI

Injini ina sehemu kubwa mbili zinazokutana: bloku, yenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hedi, inayofunika silinda hizo kwa juu na kubeba valvu. Kati yao hulazwa gasketi, ambayo ni bamba jembamba lenye matundu. Bamba hilo huzuia vitu vitatu visichanganyike, yaani gesi inayowaka ndani ya silinda, ambayo joto lake hupita nyuzi 2,000 za sentigredi, maji ya kupooza injini, na oili ya kulainisha. Vyote vitatu hupita karibu karibu sana. Ikitokea njia kati ya silinda na silinda, nguvu hupotea. Kati ya silinda na maji, gesi huingia katika rejeta na maji huingia katika silinda. Kati ya maji na oili, vyuma vinavyosuguana hukosa ulinzi wao.

Injini ya petroli ya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yafaa kuwa mfano wa somo hili. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Bloku na hedi yake zote ni chuma cha kusubu, na sehemu zake karibu zote hufikiwa kwa spana za kawaida. Lakini spana hizo ni za inchi. Fundi anayelazimisha spana za milimita huvila vichwa vya bolti, na hasara hiyo huonekana siku ya kufungua mara ya pili.

MLIMA NA MAJI YANAYOCHEMKA

Wanachama wengi huamini kwamba kwa kuwa milimani kuna baridi, injini haiwezi kupata joto jingi huko. Sivyo. Kila mtu anayepanda mita 300 hivi hupunguza kiwango cha maji kuchemka kwa takriban nyuzi 1. Penye kimo cha mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao una springi ya kubana mvuke. Mfuniko wa ratili 9 kwa inchi ya mraba, ukiwa mzima, huyawezesha maji hayo kufikia nyuzi 110 hivi bila kuchemka. Mfuniko uliolegea, au ule uliofungwa kwa kitambaa na mpira wa baiskeli kwa sababu wa asili ulipotea, hautoi msaada huo. Basi kitu kidogo kama mfuniko chaweza kuwa chanzo cha matengenezo ya siku tatu. Ni ajabu kwamba katika orodha nyingi za vifaa vya gari mfuniko huo hauandikwi kabisa.

Jambo la pili ni lile debe la kijitoni. Maji baridi ya mlimani yakimiminwa katika injini iliyokauka na kuwaka moto, chuma cha kusubu husinyaa ghafla upande mmoja na kupasuka au kupinda. Mara nyingi dereva anayeeleza kwamba aliliokoa gari kwa maji ya mto ndiye aliyeliua. Yampasa azime injini, afungue boneti, asiuguse mfuniko wa rejeta, angoje nusu saa au zaidi hadi mkono uweze kukaa juu ya rejeta, ndipo aongeze maji kidogo kidogo. Wanaoketi juu ya magunia nyuma watanung'unika kwa kucheleweshwa. Na wanung'unike. Mfuniko ukifunguliwa wakati wa moto, mvuke huruka na kuunguza uso na mikono ya mtu vibaya sana.

KUHAKIKISHA KABLA YA KULIPA

Moshi mweupe peke yake si ushahidi. Asubuhi ya ukungu kila gari hutoa mvuke kwa dakika chache. Vivyo hivyo, utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili waweza kuwa unyevu tu, hasa kwa gari linalokwenda safari fupi fupi za baridi. Ila oili iliyomo ndani ikitoka katika kijiti cha kupimia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo injini isiwashwe tena.

Jaribio lifuatalo halihitaji mashine, na katibu aweza kusimama kulitazama. Injini ikiwa baridi, mkanda wa feni huondolewa ili pampu isiyazungushe maji, na rejeta hujazwa hadi juu. Injini huwashwa kwa muda usiozidi dakika moja. Mapovu yakipanda mfululizo, na kuongezeka dereva akanyagapo mafuta, gesi ya silinda inaingia katika maji. Kisha plagi zote 4 hufunguliwa na kupangwa mezani kwa zamu yake. Plagi ya silinda inayoingiza maji huwa safi kuliko nyingine, kana kwamba imeoshwa, kwa sababu kweli imeoshwa kwa mvuke. Kwa kipimo cha mgandamizo, silinda mbili zinazopakana zikisoma chini sana kuliko nyingine, ukuta wa gasketi kati yao umekatika.

Na kama injini inakataa kuzunguka baada ya gari kulala, stata isilazimishwe. Huenda silinda imejaa maji, na maji hayagandamizwi. Yatakayopinda ni mapaja ya pistoni. Plagi zitolewe kwanza.

KUFUNGUA

Hedi haifunguliwi ikiwa moto. Maji hutolewa, waya wa betri hufunguliwa, kisha manifodi na roka. Katika injini hii baadhi ya bolti kubwa za hedi hupita katika nguzo za roka, kwa hiyo roka hutoka pamoja nazo. Fito za kusukuma valvu, nane kwa idadi, zichomekwe katika kipande cha boksi chenye matundu yaliyoandikwa namba 1 hadi 8, kwani kila moja imekwisha zoeana na mahali pake. Bolti hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati.

Hapa ndipo katibu, au mjumbe wa Bodi aliyeteuliwa, anapopaswa kuwapo. Gasketi ya zamani husomwa kama barua. Weusi wa masizi uliovuka kutoka tundu moja hadi jingine huonyesha njia ambayo gesi ilipita. Kutu iliyokula kingo za matundu ya maji yaeleza kwamba gari limeishi kwa maji matupu ya mto miaka mingi bila dawa ya kuzuia kutu. Ikiwa imelegea pande zote sawasawa, yawezekana bolti hazikukazwa vizuri mara iliyopita. Gasketi hiyo isitupwe jalalani. Ifungwe kwa karatasi, iandikwe tarehe na kilometa za gari, na ihifadhiwe pamoja na hati ya malipo. Mkaguzi atakapouliza fedha zilikwenda wapi, kutakuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya risiti.

Baada ya kusafishwa pasipo kukwaruzwa, uso wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, iliyosimamishwa kwa ubavu wake: kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari yote miwili. Chini ya rula hupitishwa kile kipimo cha vibati vyembamba ambacho mafundi hukiita fila. Kibati cha milimita 0.1 kikipita, hedi imepinda, na haina budi kupelekwa mjini kusawazishwa kwa mashine. Hakuna gasketi mpya, hata iwe ya bei gani, itakayoziba hedi iliyopinda. Pia hutazamwa nyufa kati ya viti vya valvu. Bloku nayo hupimwa vivyo hivyo, ijapokuwa mafundi wengi huiruka kwa sababu inachosha kuinama.

Fundi akisema kazi ya rula si lazima, kazi isimame. Hilo si dharau kwa fundi. Fundi mzuri huitoa rula mwenyewe bila kuombwa.

KURUDISHA

Matundu ya bolti husafishwa na kukaushwa, maana maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti inapokazwa huweza kuipasua bloku. Gasketi iwe mpya na ya injini hiyo hiyo. Zile zinazokatwa kwa patasi kutoka katika karatasi ngumu hufaa kwa mifuniko midogo ya maji au oili, si kwa hedi. Tena gundi isipakwe ila kama mtengenezaji ameagiza.

Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Kwa injini hii bolti kubwa hukomea ratili-futi 65, yaani takriban kilo-mita 9, na yafaa kupita kwanza kwenye 25, kisha 45. Vipimo hivyo hupatikana kwa spana ya kupimia mkazo peke yake. Nguvu za mkono hudanganya: mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni. Chama kisicho na spana hiyo kiazime kwa chama jirani na kuandikishiana, kwa kuwa si chombo cha kila siku na si lazima kila chama kinunue chake.

Nafasi za valvu katika injini hii ni inchi 0.010. Kuna hesabu rahisi ya kuzipanga: valvu zikihesabiwa kutoka mbele, ya 8 inapokuwa imefunguka kabisa hurekebishwa ya 1, ya 6 inapofunguka hurekebishwa ya 3, na kuendelea hivyo, jumla ikiwa 9 daima. Waya za plagi hufuata mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Oili iliyochanganyika na maji humwagwa yote na kichujio hubadilishwa. Baada ya safari fupi humwagwa tena.

Kabla gari halijapewa shehena, kile kilichoiunguza gasketi sharti kiwe kimekwisha kupatikana. Ni rejeta iliyoziba kwa chokaa na mbegu za nyasi? Ni mkanda wa feni uliolegea, pampu inayovuja, mfuniko, au moto wa plagi uliochelewa? Au ni themostati iliyoganda? Mafundi wengi huitoa themostati na kuitupa, wakisema nchi hizi ni za joto. Wafanyalo si tiba. Injini inayokwenda baridi hula petroli zaidi na kuchakaa upesi, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba.

DAFTARI LA GARI

Daftari la gari katika vyama vingi lina safu za tarehe, safari, kilometa na mafuta. Iongezwe safu moja: maji yaliyoongezwa. Gari lililokuwa likinywa nusu lita kwa wiki, kisha likaanza kunywa lita mbili kwa siku pasipo tone lolote kuonekana chini, limekwisha kutoa taarifa yake majuma mawili kabla ya kuzimika mlimani. Dereva alijua, kwani ndiye aliyekuwa akimimina. Bodi haikujua.

Malipo ya fundi yagawanywe. Sehemu moja itolewe baada ya hedi kupimwa na vipimo kuandikwa, na sehemu ya mwisho baada ya gari kupanda mlima na shehena yake ya kawaida, kurudi, kupoa, na bolti kukaguliwa tena kadiri mtengenezaji anavyoelekeza. Kilometa za siku hiyo ziandikwe daftarini kwa wino.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

Gari la chama chenu lilitiwa maji mara ngapi mwezi uliopita, na nani aliyeandika? Mfuniko wa rejeta uliopo ni wa ratili ngapi? Iwapo gari litalala matengenezoni siku nne katikati ya msimu, tangawizi ya wanachama itabebwa na nani, kwa nauli ya nani, na je, Bodi imekwisha kulipitisha jambo hilo katika kikao au inangoja siku yenyewe?