Tupande Mwasumini

Leo tujifunze kupanda mwasumini. Maua yake meupe mnayajua. Ndiyo asumini, yanayotungwa vikuba vya arusi pamoja na mrihani. Mti wenyewe asili yake ni upande wa Bara Hindi, lakini umezoea pwani yetu. Hubaki na majani mabichi mwaka mzima.

Kwa kawaida mwasumini wa vikuba hauzai mbegu. Tunaotesha vijiti. Kata kijiti cha sentimeta 15 hivi, kisiwe kichanga sana wala kikavu. Ondoa majani ya chini. Kichomeke kwenye mkebe wenye mchanga na mboji. Weka kivulini, mwagilia kidogo kidogo.

Tunasema kidogo kidogo kwa sababu yalitukuta. Tuliotesha vijiti 10 na wanakisomo wetu kule Mbagala. Bidii ilikuwa nyingi mno! Kila aliyepita alimwagia. Na mikebe hatukuitoboa chini. Vijiti 7 vikaoza, na ndani ya maji yaliyosimama tukaona viluwiluwi vya mbu. Kumbe tulikuwa tunafuga mbu. Basi toboa mkebe, halafu chomeka kidole mchangani kabla ya kumwagilia. Kukiwa na unyevu, acha.

Baada ya wiki 6 hivi, vuta kijiti taratibu. Kikigoma, kimeshika mizizi. Kikuze mkebeni mpaka kichangamke, kisha ukihamishe mvua zinapoanza: masika mwezi Machi, au vuli mwezi Oktoba. Udongo wa Mbagala na Chamazi ni mchanga, haushiki maji. Changanya na samadi iliyooza vizuri. Chagua mahali penye jua. Ukiupanda chini ya mwembe utapata majani tu.

Sasa kupogoa. Hapa wengi huogopa. Mama mmoja alituuliza, "Mwalimu, nikiukata si nitauua?" La, mama. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Maua yakipungua, kata ncha za matawi na uondoe yaliyokauka. Mti usiokatwa hurefuka tu, maua yakawa machache.

Mwenye kuuza azingatie saa ya kuchuma. Asumini hufunguka jioni na kunukia usiku. Huyo mama alichuma yaliyokwisha funguka, akayatunga kwa ajili ya arusi ya kesho yake. Yalifika yamegeuka rangi ya chai, akarudisha fedha za watu. Siku hizi huchuma vitumba alasiri, vikiwa vyeupe na bado vimefumba. Huvifunika kwa kitambaa kibichi. Vinafungukia kwenye kikuba.

Tumalizie na hesabu. Upande mmoja wa uwanja wako una meta 12. Unapanda tangu mwanzo hadi mwisho, na kati ya mche na mche unaacha meta 1 na nusu. Unahitaji miche mingapi? Aliyejibu 8 amesahau mche wa kwanza.