Viumbe wa Usambara Wasiopatikana Pengine



Somo letu la safari hii lahusu viumbe walio jirani zetu. Miaka niliyofundisha chuo cha ualimu nilikuwa nikiwaambia wanachuo wataje wanyama ambao nchi yetu hujivunia. Majibu yalikuwa yale yale: simba, tembo, twiga na faru. Hakuna aliyemtaja kinyonga wa Magamba. Lakini simba yuko katika nchi nyingi. Kinyonga wetu ana makao haya tu. Tuangalie sababu yake.

1. Milima iliyo kama visiwa

Usambara ni sehemu ya safu ya milima ya kale sana iitwayo Tao la Mashariki. Safu hii huanzia Taita, nchini Kenya, ikapitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huipanda ukiwa na unyevu, na ukipoa huwa ukungu na mvua. Kwa hiyo, nchi za chini zilipokauka zamani za kale, misitu yake ilitoweka, bali ile ya milimani ilibaki. Ikawa kama visiwa, na nyika iliyoizunguka ikawa kama bahari. Kiumbe aliyezoea kivuli na ukungu hawezi kulivuka jua la Mombo na Mkomazi kutafuta makao mengine.

Viumbe wa kila kisiwa walizaliana peke yao kwa muda mrefu mno, wakawa tofauti na wenzao. Ndiyo maana wengi wao hawapatikani popote pengine duniani.

2. Tuwafahamu baadhi yao

(a) Kinyonga wa pembe mbili. Dume ana pembe mbili bapa puani, naye huzitumia kupigana na madume wenzake. Zamani wa Lushoto na wa Amani walihesabiwa kuwa aina moja. Mwaka 2008 wataalamu walionyesha kwamba ni aina mbalimbali: bonde la Lwengera, lililo kati ya Usambara Magharibi na Mashariki, limewatenga kama mlangobahari. Jambo la kutufurahisha ni kwamba mwaka 2006 kundi lao lilipewa jina la kitaalamu Kinyongia. Neno letu la Kiswahili limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

(b) Ndege. Katika misitu ya juu ya Usambara Magharibi yuko ndege mdogo wa rangi ya kahawia, aitwaye kwa Kilatini Sheppardia montana. Hukaa chini chini kwenye kivuli akitafuta wadudu, wala haishi pengine. Usambara Mashariki yuko mwingine mdogo, mwenye mdomo mrefu, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1931. Nje ya huko ajulikana mahali pamoja tu, mlima Njesi, kaskazini ya Msumbiji.

(c) Ua la urujuani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, aliliokota ua dogo na kulipeleka kwao. Leo hupandwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Lakini lile la porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mti wa juu ukikatwa, jua huingia, na ua hufa.

3. Mahali padogo huisha upesi

Ndege dodo aliishi kisiwa cha Mauritius tu. Mabaharia na wanyama waliokuja nao walipofika, alimalizika katika karne ya 17. Hakubaki hata mmoja wa kurudishia mbegu.

Hapa kwetu tunaye chura wa Kihansi, huko Udzungwa. Makao yake yalikuwa hekta chache tu, zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme. Rasharasha zikapungua, na baadaye ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Aliokoka kwa kuwa baadhi yao walikwisha kupelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Lakini viumbe wengi wa Usambara hawana akiba ya namna hiyo mahali popote.

4. Mzigo ni wa nani?

Yatupasa kusema kweli. Lushoto ina watu wengi na mashamba ni madogo. Mama anayehitaji kuni za jioni hawezi kuambiwa tu, "Usikate." Wakulima wa iliki wa Derema, Usambara Mashariki, waliacha mashamba yao ya msituni katika miaka ya 2000 ili vipande vya msitu viunganishwe. Walilipwa fidia, hata hivyo, kuacha zao lililomsomeshea mtu watoto si jambo dogo. Dunia nzima inafaidi msitu huu, lakini gharama humwangukia aliye karibu.

Pamoja na hayo, sisi wenyewe tunafaidi. Kabichi, karoti na nyanya za mabondeni kwetu hunyweshwa na vijito vitokavyo msituni. Mji wa Tanga hunywa maji ya mto Zigi, utokao milima ya Amani. Msitu unaomficha kinyonga ndio huo huo unaotutunzia maji. Mtu akiumaliza ili apate shamba, atapata shamba lisilo na maji.

5. La kufanya

Tunamsifu Mfalme Sulemani kwa hekima. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 4, chaonyesha kwamba hekima hiyo ilikuwa pamoja na kuijua miti, wanyama, ndege na watambaao. Basi nasi tuanze kwa kujua.

(a) Tuwafundishe watoto kwamba kinyonga hana sumu. Wengi huuawa kwa mawe kwa sababu ya hofu tu.

(b) Tusiwakamate ili kuwauza. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

(c) Kila nyumba ipande miti ya kuni mipakani mwa shamba na kwenye makingamaji.

(d) Tusiwashe moto wa kusafisha shamba karibu na msitu wakati wa kiangazi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Kwa nini kiumbe wa Usambara akimalizika hapa amemalizika duniani?
2. Kijito unachotumia nyumbani chatoka msitu gani? Wazee wakumbuka kilikuwaje zamani?
3. Ni miti mingapi ya kuni ambayo jumuiya yenu yaweza kupanda kabla ya mvua za masika kwisha, na nani ataiangalia?