Mtihani wa Linux: Anayeanza Asome Nini?

Wadogo zangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne wameniuliza mara nyingi: "Kaka, twataka cheti cha Linux, lakini vitabu ni vingi mno. Tuanze na kipi?" Swali hili lastahili jibu la utaratibu, maana ada ya mtihani hutoka mfukoni mwa wazazi, na anayeshindwa hana budi kulipa tena.

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta. Kiini chake kilitungwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuuchungua na kuwagawia wengine. Miongoni mwa wanaotoa vyeti vyake ni Linux Professional Institute, shirika lililoanzishwa mwaka 1999. Mtihani wao wa wanaoanza huitwa Linux Essentials. Toleo la 1.6, lenye namba 010-160, lina maswali 40 ya kujibiwa kwa dakika 60.

1. Orodha ya mada. Kabla ya kununua kitabu chochote, pata orodha ya mada inayotolewa bure na shirika lenyewe. Kila mada imepewa uzito wake. Katika toleo nililolitaja, habari za programu huria na kazi zake zina uzito wa 7. Kuujua mfumo na kutembea ndani yake 9. Nguvu za amri 9. Mfumo wenyewe 8. Usalama na ruhusa za faili 7. Jumla ni 40, sawa na idadi ya maswali. Basi gawa siku zako kwa kufuata uzito huo.

2. Vitabu. Shirika hilo hutoa pia masomo yake bure, yenye mazoezi na majibu. Mimi ningeanza na hayo. Kitabu cha pili ni *The Linux Command Line* cha William Shotts, ambacho nacho hupatikana bure, nacho humshika mkono msomaji tangu amri ya kwanza. Ukionyeshwa kitabu kingine, kiulize mambo matatu: Je, chataja namba ya mtihani wako? Je, kina mazoezi? Je, chaeleza neno jipya kabla ya kulitumia? Kisichojibu vema kirudishe rafuni. Na kwa kuwa vitabu hivi ni vya Kiingereza, weka daftari la maneno: upande mmoja neno lao, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe.

3. Mazoezi. Linux yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo katika kompyuta; omba idhini ya mwalimu, ukajaribu katika chumba cha kompyuta. Tutazame mfano mmoja. Katika ruhusa za faili, kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi, ya tatu ya watu wengine. Kwa hiyo amri *chmod 640 barua.txt* yampa mwenye faili kusoma na kuandika, kikundi kusoma tu, na wengine hawapati kitu. Sasa jibu wewe: 750 yamaanisha nini?

4. Maswali ya wizi. Wako watu wauzao maswali wanayodai yameibwa katika mtihani. Msiyanunue. Ni udanganyifu, nao waweza kukunyang'anya cheti. Tena, aliyekariri kwamba jibu ni 640 atakwama atakapoulizwa 750. Bali aliyeelewa 4, 2 na 1 hatakwama popote. Mwajiri naye atakuweka mbele ya kompyuta, wala hatatazama karatasi peke yake.

Ndugu zangu, someni kidogo kila siku, mkiandika amri kwa mikono yenu. Haba na haba hujaza kibaba.

Jibu la zoezi: mwenye faili apata ruhusa zote tatu, kikundi chaweza kusoma na kuendesha, wengine hawana ruhusa yoyote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita