Asubuhi Moja Kwenye Mafunjo ya Dunga

Ukiwa Kisumu na una siku moja tu ya kutazama ndege, nenda Dunga, kusini mwa mji, na uende mapema. Zungumza na mwenye boti jana yake, mkubaliane bei ya boti nzima na muda, ili saa kumi na mbili asubuhi muwe mnaondoka ufuoni. Tuktuk au bodaboda hukufikisha upesi. Uliza pia kuhusu gugumaji, kwani upepo wa usiku mmoja waweza kulisukuma likaziba njia. Kufikia saa tatu jua ni kali na picha zinapauka. Alasiri ziwa huchafuka.

Ndege wa kumtafuta kwanza ni gonoleki wa mafunjo. Utosi wake ni wa manjano, kifua chekundu cha kukolea, mgongo mweusi, na bawani ana mstari mweupe. Haishi popote ila kwenye mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Kwa kawaida utamsikia kabla hujamwona, dume na jike wakiitikiana kwa haraka hata udhani ni ndege mmoja. Hapo mwombe nahodha azime injini, kisha ngojeni. Elekeza kamera kwenye uwazi kati ya mashina, maana ndimo anamovuka, mara nyingi kwa sekunde chache tu. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Tripodi iache hotelini, kwa kuwa boti haitulii. Egemeza kiwiko gotini na uweke kasi ya 1/1000 mwanga ukiruhusu. Tafadhali usimchezee sauti yake kwenye simu. Ataacha kiota aje kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

Mdiria mweusi na mweupe ni rahisi zaidi: hupiga mabawa papo hapo hewani, kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitosa. Mpige picha akiwa bado juu. Furukombe na minandi utawaona bila shida. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huwapo pia wageni kutoka Ulaya.

Vaa jaketi la kuokolea, kaeni mbali na viboko, na usitie miguu majini kwa sababu ya kichocho. Wavuvi waombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha.

Chukua mwongozaji wa Dunga hapohapo, hata kama unawajua ndege. Mafunjo hukatwa kwa mikeka na vikapu, na mengine hufyekwa kupisha mashamba. Kila shilingi inayobaki ufuoni huwapa wenyeji sababu ya kuyaacha yasimame. Kula hapo pia, ngege wa kukaanga kwa ugali.

Ukipata siku ya pili, ielekeze Siaya, kwenye kinamasi cha Yala na Ziwa Kanyaboli. Gonoleki yupo huko pia, na alfajiri ukibahatika utamwona nzohe, swala wa majini, akijitokeza ukingoni.